Dari Si Boriti: Kisa cha Kufunga Panka na Kutafsiri Maagizo Yake

Katika mihadhara yetu ya tafsiri tumezoea kupima ugumu wa kazi kwa urefu wa utenzi au kwa uzito wa tamthilia. Mwanafunzi akisema anatafsiri riwaya, wenzake humtazama kwa heshima. Akisema anatafsiri karatasi iliyotoka ndani ya boksi la panka, aghalabu huambulia kicheko. Makala haya yanahusu karatasi ya namna hiyo. Ilikuwa karatasi moja tu, iliyokunjwa mara nane, yenye Kiingereza, Kichina na Kiarabu, pasipo hata neno moja la Kiswahili, ilhali panka lenyewe lilinunuliwa Mombasa na lilikuwa likienda kufungwa Kibokoni, katika chumba cha bibi yangu mwenye umri wa miaka 81. Kati ya lugha hizo tatu yeye husoma Kiarabu cha msahafu, ambacho hakina habari za bolti na nati. Fundi aliyeitwa kwa kazi hiyo ni hodari, ila Kiingereza chake ni cha kununulia vifaa dukani. Basi nikaitwa mimi, "msomi wa lugha", niisome karatasi ile kwa sauti fundi akiwa juu ya ngazi.

Kabla sijafika kwenye ngazi na bisibisi, naomba niseme machache kuhusu jina. Nyumbani kwetu twasema panka, neno lililotoka India, ambako pankha ni kipepeo cha kupungia upepo na lina udugu na neno lenye maana ya ubawa. Wenzetu wa Zanzibar na wa Bara ya Tanzania husema pangaboi, na asili yake yaelekea kuwa ni neno hilo hilo la Kihindi likiwa limeambatanishwa na lile ambalo Waingereza walimwitia mtumishi wa kiume. Zamani, kabla ya umeme, panka lilikuwa kitambaa kipana kilichoning'inizwa juu, na mtumishi alikaa pembeni akikivuta kwa kamba kutwa kucha ili bwana wake apate usingizi. Kwa hivyo, kila tusemapo pangaboi tunamtaja, bila ya kujua, mtu aliyekuwa akikesha ili mwingine alale. Mashine ikamwondoa, jina lake likabaki darini. Wako wanaoshikilia kuwa neno hili limetokana na panga la kukatia miti, na mafundi nao huziita mbawa za panka "mapanga". Mwanaisimu atasema hiyo ni etimolojia ya barazani. Nami nakubaliana naye, ingawa naona ni kosa lenye manufaa: mtu anayekiita kitu kile panga hatamwinua mtoto begani chini yake.

Panka la umeme la kutundikwa juu lilibuniwa Marekani katika miaka ya 1880 na Philip Diehl, mhandisi aliyefanya kazi katika kampuni ya cherehani ya Singer. Alichukua mota ndogo ya kuendeshea cherehani, akaifunga mbawa, akaipandisha juu. Bibi yangu, aliyeshona kanzu na mito kwa cherehani ya Singer zaidi ya miaka thelathini, alipoisikia habari hii alisema, "Kumbe ni jamaa!", na tangu hapo akalikubali panka lile kama mgeni aliyejulikana ukoo wake.

Haja ya panka haikuwa anasa. Anayeijua Mombasa ya kuanzia Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, anajua joto linaloshikamana na mwili kama nguo iliyorowa. Usiku kuta za mawe hurudisha joto lililomezwa mchana. Daktari wa bibi alikuwa amekwisha tuonya kwamba mtu wa umri wake hupungukiwa na maji mwilini kabla hajahisi kiu. Hapa pafaa kuondoa dhana moja: panka halipunguzi joto la chumba. Husukuma hewa juu ya ngozi, jasho likakauka upesi, na mwili ndio ukapoa. Chumba kitupu chenye panka linalozunguka ni umeme unaotupwa bure. Letu hula takriban wati 70, kwa hiyo saa kumi za usiku hazifikishi yuniti moja ya tokeni. Lakini yuniti huhesabiwa.

Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, yenye sakafu ya juu iliyobebwa na boriti za mkoko. Wenzangu waliosoma habari za miji ya Waswahili watakumbuka kuwa vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, na boriti ya mkoko kwa kawaida huishia kwenye mita tatu au pungufu. Chumba cha bibi kina upana wa mita 2.7. Panka tulilonunua lina kipenyo cha sentimita 140. Ukiligawa pengo linalobaki, kila upande unapata sentimita 65 baina ya ncha ya panga na ukuta, nayo karatasi ilitaka nusu mita au zaidi. Tulipona. Laiti chumba kingekuwa na mita mbili, tungelazimika kulirudisha dukani na kuchukua dogo. Ninaitaja hesabu hii kwa sababu wengi hununua panka kwa kuangalia bei na rangi, kisha hupima chumba baada ya kulipa.

Ubishi ulianzia kwenye kulabu. Katikati ya chumba kulikuwa na kulabu ya chuma, iliyopigiliwa kwenye boriti tangu enzi za kandili na baadaye ikabeba taa ya umeme. Bibi alitaka panka litundikwe hapo.

"Fundi, mwanangu," alisema, "kulabu hiyo yabeba taa tangu zama za babu yao. Haijaanguka hata siku moja."

"Ni kweli, Bi," fundi akajibu kwa adabu. "Lakini taa hukaa. Panka huzunguka."

Sijapata kusoma maelezo bora zaidi ya tofauti hiyo katika kitabu chochote. Taa ni mzigo uliotulia. Kulabu hubeba uzito wake na basi. Panka letu lina kilo tano na nusu, uzito ambao hata kulabu mbovu yaweza kuuhimili kwa siku moja. Lakini likizunguka huvuta, hutikisa na husokota, usiku kucha, mwezi hadi mwezi, na kila mtikiso hulegeza kidogo kile ambacho mtikiso uliotangulia uliacha. Kulabu iliyopigiliwa kama msumari hutoka kama msumari. Fundi akapanda, akaigonga boriti ile kwa nyundo, kisha akaigonga ya jirani, akatega sikio. Moja ilitoa sauti kavu na nzito, nyingine ikalia uvungu. Aliichoma ile ya uvungu kwa bisibisi, bisibisi ikazama, unga ukamwagika. Bungua walikuwa wamekula ndani wakaacha ganda. Ile boriti ya uvungu ndiyo iliyokuwa na kulabu ya babu.

Na hapa ndipo lilipo neno lililonifanya niandike makala haya. Karatasi ya maagizo, kwa Kiingereza chake, ilisema panka lifungwe darini, kisha ikafafanua mbele kuwa lifungwe penye uwezo wa kubeba. Mfasiri mwenye haraka, tena mwenye kamusi nzuri, ataandika "funga panka kwenye dari" na hakuna mtahini atakayemnyima alama. Lakini dari ni nini? Katika nyumba ya bibi, dari ni boriti, mawe na chokaa; watu hutembea juu yake. Katika nyumba mpya za Nyali au Kisauni, dari mara nyingi ni ubao mwembamba wa jasi uliofungwa chini ya zege au chini ya kenchi za paa ili kuficha nyaya na kupendeza macho. Ubao huo haujibebi vizuri wenyewe, seuze panka. Kiswahili kimezipa dari zote mbili jina moja, na hakina lawama, kwa kuwa neno lilitangulia na ubao wa jasi ukaja baadaye ukajipachika. Lakini fundi mchanga atakayesoma "funga kwenye dari" katika nyumba mpya, akatumbukiza skrubu nne kwenye jasi, atakuwa ametii maandishi herufi kwa herufi, na mwenye nyumba atalala chini ya utiifu huo.

Kwa hiyo katika tafsiri yangu neno dari halikutokea kabisa kwenye sehemu ya kufungia. Niliandika: "Panka lifungwe kwenye boriti nzima, kwenye zege, au kwenye chuma kilichoshikwa na boriti au zege. Lisifungwe kwenye ubao wa kufunikia." Ni maneno mengi kuliko ya asili. Walimu wetu hutufunza uaminifu kwa matini chanzi, na ni somo jema; ila katika matini za namna hii nadhani uaminifu wa kwanza ni kwa kichwa cha anayelala chini.

Naijua sauti ya panka linaloanguka. Nilipokuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika skuli ambayo sitaitaja, panka liliporomoka juu ya madawati ya darasa la sita wakati wa mapumziko ya saa nne. Watoto walikuwa nje wakila mihogo. Ile pini ya chuma inayozuia bolti kuu isichomoke, ambayo mafundi huiita kotapini, ilikuwa imetiwa lakini miguu yake haikukunjuliwa. Ilitoka pole pole kwa mtikiso, bolti ikaifuata, na panka likaifuata bolti. Dawati moja lilipasuliwa katikati. Mwalimu mkuu aliamuru vipande vizolewe kabla kengele haijalia, na somo lililofuata lilikuwa la ushairi.

Turudi chumbani. Fundi alimwendea mchomeleaji, akatengenezewa kitanda cha chuma cha kukumbatia boriti mbili zilizo nzima kutoka pande zote, na bolti zikapita ubavuni mwa kila boriti hadi upande wa pili, zikakazwa kwa washa na nati. Kulabu ya babu iliachwa ilipo, bila kazi, kwa ombi la bibi.

Neno la pili lililonitaabisha ni kuzima. Karatasi ilitaka umeme ukatwe kabla ya kugusa waya. Sisi husema "zima stima", na kwa watu wengi maana yake ni kubonyeza swichi ya ukutani. Hilo halitoshi. Swichi ya ukutani yapaswa kukata waya wa moto, lakini katika nyumba iliyotiwa nyaya na mafundi watatu wa nyakati tatu, hakuna anayeweza kuapa kwamba mmoja wao hakuipitisha nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto. Hapo taa itazimika vizuri, ilhali waya uliopo juu ungali na volti 240 ukimsubiri mtu. Kwa hivyo niliandika "kata umeme kwenye swichi kuu", nikaongeza: "Mtu mmoja abaki karibu na swichi kuu ili asije mwingine akaiwasha." Siku ile mlinzi alikuwa binamu yangu, ambaye alikatazwa hata kwenda kununua soda. Fundi naye hakuamini swichi peke yake. Aliijaribu testa yake kwenye soketi yenye umeme kwanza, ili ajue kuwa haijafa. Baada ya umeme kukatwa akaigusisha kwenye waya za juu. Kisha umeme uliporudishwa kwa muda akaijaribu tena sokektini ajue haikufia njiani. Testa mbovu na waya usio na umeme hutoa jibu moja.

Nyaya nazo zina lugha yake. Zile za zamani ukutani zilikuwa nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Za panka zilikuwa za hudhurungi kwa moto, buluu kwa nyutro, na kijani chenye mistari ya manjano kwa ethi. Mafundi husema ethi. Vitabu husema waya wa ardhi. Nilitumia ethi kwa kuwa ndilo neno linalosikika ngazini, kisha nikaeleza kazi yake: ikiwa waya wa moto utagusa chuma cha panka kwa hitilafu, ethi huupa umeme njia ya kupita upesi hadi kikata umeme kiruke, badala ya kumsubiri mtu aje kuligusa. Katika mahali pale hapakuwa na ethi hata kidogo, kwa kuwa taa ya zamani haikuhitaji. Fundi alikataa kuendelea mpaka waya mpya wenye nyuzi tatu uvutwe kutoka kwenye kisanduku cha usambazaji. Siku nzima ikaenda kwa hilo. Bibi alinung'unika kuhusu gharama, hakumkatalia.

Kuna mambo ambayo karatasi haikuyajua kwa sababu iliandikwa mbali. Haikumjua chandarua. Chumba cha bibi kina kitanda cha samadari, kirefu kwa miguu yake, na juu yake chandarua kilichoning'inizwa kwa kamba kutoka kwenye boriti. Upepo wa panka huinua kitambaa chepesi kama tanga. Panga likinasa ukingo wa chandarua litakivuta chote, pamoja na kamba yake na huenda na aliyemo ndani. Tulihamishia panka upande wa miguuni, tukakiondoa chandarua kwenye kamba na kukifunga kwenye fito nne za kitanda chenyewe, pembe zake zikabanwa chini ya godoro. Halafu palikuwa na suala la urefu. Karatasi ilitaka mapanga yawe mita 2.3 kutoka sakafuni au zaidi. Boriti zetu ziko juu, mita 3.4, kwa hiyo tukatumia bomba refu na mapanga yakakaa kwenye mita 2.6. Lakini wajukuu hawasimami sakafuni! Husimama juu ya samadari na kurukaruka. Ukiondoa urefu wa kitanda, kijana mrefu aliyeinua mkono angefika. Hiyo ilikuwa sababu ya pili ya kulisogeza panka mbali na kitanda, na laiti ningeombwa kuiandika upya karatasi ile kwa ajili ya pwani yetu, kipimo kingeanzia juu ya godoro.

Sehemu iliyosalia ilikwenda bila shida. Kotapini ilitiwa na miguu yake ikakunjuliwa pande mbili. Kamba ya usalama ya waya wa chuma ilipitishwa na kufungwa kwenye boriti ya tatu, isiyohusika na kitanda cha chuma, ili kimoja kikikosa kingine kishike. Kidhibiti cha mwendo kilichofungwa ukutani kilikuwa kile kilichokuja na panka. Kile cha kupunguzia mwanga wa taa, ambacho baadhi ya wauzaji hukitoa kwa bei nafuu, hakifai, kwani mota hunguruma na kupata moto. Mapanga yote matatu yalitoka boksi moja. Yametengenezwa kwa uzani mmoja, na ukichanganya la panka jingine utapata yumbayumba isiyoisha. Baada ya kuwasha, fundi aliliacha lizunguke kwa kasi ya chini robo saa, kisha ya juu, akiwa amesimama mlangoni. Lilipozimwa na kutulia alipima kwa futi kutoka boriti hadi ncha ya kila panga. Moja lilishuka kidogo; akakaza skrubu, akapima tena.

Fundi huyu ana leseni. Chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, wafanyao kazi ya kuweka mifumo ya umeme hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Mafuta, EPRA. Jambo hili nalo lilinipa kazi ya lugha, maana karatasi ilisema "mtaalamu aliyehitimu", nasi tuna neno moja, fundi, kwa mshona nguo, mjenzi, mtengeneza saa na yule kijana wa mtaani mwenye koleo na ujasiri. Niliandika "fundi wa umeme mwenye leseni, iombe uione".

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Katika kifungu cha 46 inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa aliyoinunua, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Vifungu hivyo viwili sijaviona vikikutana ndani ya boksi la panka. Idara zetu zina wahitimu wa tafsiri wanaolalamika kukosa kazi, na maduka ya Biashara Street yana maboksi yanayolalamika kukosa wafasiri. Baina yao ni hatua chache, ila hakuna mtaala nilioupitia unaomtaka mwanafunzi apande ngazi.

Tafsiri yangu ilipokamilika ilikuwa kurasa mbili. Neno la bomba linaloshuka kutoka juu hadi kwenye mota halijanitosheleza. Fundi huliita "paipu", nami nimeliita "bomba la kuning'inizia", na nitashukuru msomaji akiniletea bora zaidi. Nilimwachia fundi nakala, nikamwomba jambo moja: kila palipoandikwa "hakikisha", aandike pembeni kazi ya mkono au ya jicho inayofanywa, kwa kuwa hakikisha ni kitenzi ambacho mtu aweza kukitii akiwa ameketi. Aliirudisha baada ya wiki mbili, ikiwa na madoa ya grisi. Mbele ya "hakikisha umeme umekatwa" aliandika "testa mara tatu". Mbele ya "hakikisha boriti ni nzima" aliandika "gonga, choma". Na mbele ya "hakikisha panka limefungwa imara", kwa herufi kubwa za penseli: "LISHIKE KWA MIKONO MIWILI UNINGI'NIE KIDOGO. UKIOGOPA, BADO."